RISALA YA KAMATI YA HUDUMA YA KICHUNGAJI KWA MGENI RASMI, BABA ASKOFU, SIKU YA WAHUDUMU WA KUTEMBELEA

Baba Askofu, mgeni wetu rasmi, Mchungaji Kiongozi, wazee wa kanisa, mashemasi, wageni waalikwa na washarika wote: Bwana Yesu asifiwe!

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha salama. Tunajua ratiba yako imebana, ndiyo maana tumefurahi kupita kiasi kwamba safari hii umekuja mwenyewe, hukutuma mwakilishi.

Historia ya kugawana kazi ya uchungaji tutaipita mbio. Yethro alimkuta mkwewe Musa akiamua mashauri tangu asubuhi hata jioni, akamwambia jambo hilo si jema, aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Wajane wa Wayahudi wa Kiyunani waliposahauliwa katika mgawo wa kila siku, mitume waliwapa kazi hiyo watu saba. Geneva, mwaka 1541, kanuni za kanisa ziliweka wazee 12, na walichaguliwa ili kila upande wa mji uwe na jicho lake. Bristol, Uingereza, mwaka 1742, Wamethodisti waligawanywa katika vikundi vya watu kumi na wawili ili kuchangia peni moja kwa juma kulipa deni la nyumba ya ibada. Waliozunguka kukusanya ndio waliogundua nani kalewa na nani kagombana na mkewe. Deni likazaa uchungaji.

Kamati yetu nayo imepata mafanikio makubwa. Kaya zote 480 zimegawanywa katika vikundi 40 vya kaya 12, kila kikundi kina wahudumu wawili. Madaftari 40 yamenunuliwa na kufunikwa nailoni. Kabati la kuyatunzia limefungwa kufuli, na funguo zote mbili zipo.

Baba Askofu, sasa tuingie kwenye lililotuleta.

Mchungaji akitembelea kaya tatu kwa siku, siku mbili kwa juma, atamaliza usharika huu kwa majuma 80, endapo hakuna msiba, semina wala kikao. Kwa hiyo kazi tumeigawa. Kisichogawanywa ni mamlaka. Mgonjwa ametembelewa mara tatu na wahudumu, bado anawaambia jirani zake kwamba kanisa limemtupa, kwa sababu mwenye kola hakufika. Hatumlaumu. Hakuna aliyewahi kusimama mbele yake na kumwambia kwamba hawa wametumwa.

Mambo ya kawaida wahudumu wanayajua. Wanakwenda wawili wawili, baada ya kuuliza kama mgonjwa yuko tayari kupokea wageni. Wanaketi mahali anapowaona bila kupinda shingo. Dakika 20 zinatosha. Hawamshauri mtu aache dawa. Hawakopeshi wala hawabebi fedha za misaada. Hizo ni za mashemasi, kwa sahihi mbili. Daftari lina safu nne tu: tarehe, kaya, nani alikwenda, nini kifuate. Alichoungama mtu hakiandikwi. Wala hakipelekwi kwenye ibada ya maombi kwa mtindo wa “tumwombee dada mmoja wa kikundi cha tatu kwa analolipitia”, maana kufikia jioni usharika mzima unalijua analolipitia.

Tunapokwama ni kwenye mambo mazito. Mtu akisema anataka kujiua, akionekana anapigwa nyumbani, au mtoto akidhulumiwa, siri ina mpaka. Mwongozo tuliouandaa unasema Mchungaji ajulishwe siku hiyohiyo, na la mtoto lifike kwa vyombo vya ulinzi wa mtoto, lisimalizwe kimyakimya ofisini. Pasipo mwongozo uliopitishwa, mhudumu hajui akisema ametimiza wajibu au amesaliti. Wengine wananyamaza. Wengine wanasema kwa mtu asiyehusika. Na wale wenye moyo wa huruma zaidi hubeba yote peke yao hadi wanachoka na kurudisha daftari, kwa kuwa kikao cha kila mwezi cha kuwasikiliza, ambacho kimo ndani ya mwongozo huohuo, hakina msimamizi aliyeteuliwa.

Mwongozo una kurasa tisa. Umeshaondoka hapa mara mbili. Mara ya kwanza tulijibiwa kwamba unapitiwa. Mara ya pili tuliambiwa nakala haionekani, tukachapa nyingine. Mgeni rasmi wa mwaka jana, ambaye tunamheshimu sana, alitamka kwenye kipaza sauti hikihiki kwamba ungerudi kabla ya Pasaka, tukapiga makofi mengi. Hakutaja Pasaka ipi.

Hivyo, kwa unyenyekevu mkubwa, hatuombi ahadi. Tunaomba mwongozo usainiwe. Wahudumu hawa 80 waingizwe kazini mbele ya washarika, kwa kipindi cha miaka mitatu, kisha wapumzike. Na atajwe leo, kwa jina, mkufunzi wa mafunzo ya siku tatu, ambaye pia ataongoza kikao cha kila mwezi. Gari tuliliomba katika risala zilizopita. Leo hatuligusi.

Nakala ya mwongozo imo kwenye bahasha ya kaki iliyo mezani mbele yako, Baba Askofu. Nafasi ya sahihi ni ukurasa wa tisa, chini kulia. Wahudumu wameketi safu nne za mbele, na kalamu tumeijaribu, inaandika.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Kamati ya Huduma ya Kichungaji