Barua kwa mwanangu: Hizo pesa ni za nani?

Nyegezi, Mwanza

Mwanangu,

Mama yako kaniambia tiketi umeshakata, basi la Jumapili, kupitia Sirari. Kumbe barua ya kuacha kazi benki uliandika tangu mwezi uliopita, mimi nakuja kusikia jikoni. Haya, sitakuzuia. Ila swali nililokuuliza kwenye simu hukulijibu, ulicheka tu. Hizo pesa mtakazowapa vijana wenye kampuni changa huko Nairobi ni za nani?

Ukanitumia habari za Georges Doriot ukijua nitafurahi kwa kuwa naye alikuwa mwalimu. Nimezisoma mara mbili. Kampuni yake ya Marekani, ya kuchukua pesa za watu na kuziweka kwenye kampuni changa kama mtakavyofanya ninyi, ilianza 1946, na zile dola 70,000 zilizomtoa, alizowapa watu wa kompyuta za Digital, aliziweka 1957. Piga hesabu hapo. Miaka 11 wenye pesa wanasubiri.

Nikachukua daftari. Mfuko wa dola milioni 20, kwa maelezo yako, unakata asilimia 2 kila mwaka kwa mishahara na ofisi. Hizo ni dola laki nne. Kwa miaka kumi ni milioni nne. Zinabaki 16 za kufanya kazi, na lazima zirudi 20 kamili kwa wenyewe ndipo mguse ile asilimia 20 yenu ya faida. Na umesema mwenyewe kwamba katika kampuni kumi nyingi zitakufa, moja ndiyo itabeba wenzake. Najua hesabu hizi hazikushindi. Tangu uko darasa la tano nilikuwa nakutangaza ofisi nzima ya walimu. Lakini ukikosea darasani hakuna mzee anayelala njaa. Ulitaja mifuko ya pensheni kuwa nayo huweka pesa huko, ukaipita haraka haraka. Mimi naishi kwa pensheni, sikuipita.

Pale mwaloni Kirumba mwenye mtumbwi anatoa mafuta, taa na nyavu jioni. Alfajiri anaona kwa macho yake kama dagaa wapo au hawapo. Mbalamwezi ikiwaka, watu wanapumzika. Wewe utakaa miaka saba, hata kumi, hujui kama ulichagua vizuri au ulibahatisha, na muda wote huo mshahara unaingia. Ndiyo maana sichoki kuuliza ni pesa za nani.

Ile baiskeli yako niliyosema imeibwa, haikuibwa. Niliiuza nilipe deni. Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha walimu, nikachukua fedha ya kikundi nikamnunulia kijana mmoja injini ya mtumbwi. Alikuwa mchapakazi, na alichokusudia hata leo naweza kukitetea. Injini ikazama na dhoruba. Wenzangu wangenisamehe injini, ziwa wanalijua. Ila miezi minane nilisimama kwenye kikao nikasema hesabu ziko sawa. Wewe muhula huo ulikwenda shule kwa miguu, na nilikukaripia kwa kuchelewa.

Kampuni ikikufia mikononi, usimdhalilishe kijana wa watu, na wenye pesa waandikie wiki hiyohiyo. Usingoje ripoti ya robo mwaka. Na wale mtakaowakataa, maana watakuwa wengi kuliko mtakaowapa, wajibu. Mtu asishinde anatazama simu kwa ajili yako. Benki nako sijui kwa nini hukuomba likizo bila malipo kwanza. Basi.

Presha ya mama yako imeshuka, anameza dawa. Simtanki linavuja pale kwenye koki, fundi anataka elfu thelathini, nimemwambia asubiri. Baba yako mdogo wa Sengerema tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 anakuja kila wiki, na kila wiki anaondoka na kuku.

Katika kikundi kile nimebakiza mtu mmoja, mjane wa mwenzetu, anakaa Igoma. Ananidai shilingi 85,000. Usitume. Nitauza mbuzi mwenyewe, nitampelekea kwa mkono wangu.

Ukipata laini ya Kenya nitumie namba siku hiyohiyo. Dagaa wako kwenye ndoo ya bluu. Mfuniko haushiki, nimeufunga kwa kamba; usiikate, ifungue, utaihitaji kurudishia ndoo.

Baba yako