Muulizeni mtu jina lake kabla hamjampa dawa

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu enzi linafika Kigoma kwa treni, habari ya Jumatatu tunaipata Alhamisi, na miaka yote hiyo sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja. Ila ile ripoti yenu ya Septemba, mliyoitoa kwa ajili ya Siku ya Usalama wa Mgonjwa Duniani ile ya tarehe 17, imenichokoza. Mmesifia majengo, mmesifia kompyuta, mkaja kwenye nyota ambazo wizara inavigawia vituo tangu 2015, sifuri mpaka tano kama hoteli. Halafu chini kabisa, ubavuni mwa tangazo la mabati, mkaibana ile habari ya Shirika la Afya Duniani kwamba kwenye huduma za msingi na za wagonjwa wa nje, hadi watu 4 katika kila 10 wanaumizwa na huduma yenyewe, na hadi asilimia 80 ya madhara hayo yanaweza kuzuilika. Hiyo ndo ilikuwa habari, Mhariri. Mabati tunayajua.

Mimi mmoja wa hao wanne yuko nyumbani kwangu, ni mama yangu mzazi, ana miaka 71 na presha ya siku nyingi. Tulimpeleka kliniki kwenye kituo kimoja hapahapa mjini, jina naliacha. Tumefika saa kumi na mbili asubuhi, daftari lake limevalishwa gazeti (lenu, kwa taarifa yenu) likawekwa kwenye rundo pale mezani. Daktari kamuona vizuri tu, sina neno naye. Shida imeanzia dirisha la dawa. Lile dirisha lina nondo na katundu chini kama sahani, lazima uiname ndo usikie, na nyuma yenu kuna tivii inapiga muziki kama harusini. Dada wa dirishani akaita jina, tuseme Mwajuma Hamisi. Sasa wewe nenda Ujiji uite Mwajuma Hamisi uone watageuka wangapi! Bi mkubwa masikio yake mazito, kasikia Mwajuma, kaitika. "Wewe ndo Mwajuma Hamisi?" Ndiyo mwanangu. Akapewa bahasha ya kaki, juu yake imeandikwa 1x2 kwa peni iliyokuwa inaishiwa wino, basi, hakuna jina la mtu wala la dawa wala inatibu nini.

Zilikuwa dawa za sukari. Mama yangu hajawahi kuumwa sukari hata siku moja. Kameza asubuhi, kameza jioni, na chakula chenyewe siku hiyo alidonoa tu. Saa kumi usiku nimeamshwa na mjukuu wake, namkuta kalowa jasho mpaka godoro, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu kaka yake. Sisi tunasema malaria imepanda kichwani, wengine wameshaanza kusoma dua, bahati nzuri jirani yetu ni mtu wa sukari wa miaka mingi, kaingia kamtazama mara moja tu akasema huyu sukari imeshuka, leteni soda. Tukamnywesha soda kidogokidogo, akarudi. Kesho yake nabeba ile bahasha naenda dirishani, nimejiandaa kuambiwa pole, nikajibiwa, sikilizeni, "Lakini bi mkubwa si ndiye aliyeitika?" Yaani kosa la mama! Kikongwe aliyekaa kwenye benchi la zege masaa sita bila chai ndiye mkaguzi wa dawa siku hizi, yule mwenye koti jeupe kazi yake kupitisha bahasha kwenye tundu. Nikauliza hili mtaliandika wapi? Wapi? Hakuna daftari la makosa, hakuna aliyeuliza yule Mwajuma wa pili, mwenye sukari yake, kaenda kumeza dawa za nani, mpaka leo sijui kama yupo. Nikaambiwa niweke maoni kwenye sanduku. Sanduku lenyewe limetundikwa juu ya mlango, nimechukua stuli, kufuli imeota kutu na kwenye tundu buibui keshazaa. Hata choo chao sisemi, maji hakuna wiki nzima na mgonjwa anaambiwa alete mkojo kwenye kikopo, akishamaliza ananawa na nini, na mkono huohuo ndo unashika cheti na benchi na mtoto wa jirani.

Nenda mwaloni Kibirizi, Mhariri. Gunia la dagaa linaandikwa herufi za mwenyewe kwa rangi ubavuni, linapanda treni mpaka Dar na linamfikia mtu wake. Mama yangu kapotea kutoka chumba cha daktari hadi dirishani, hatua ishirini.

Sitaki jengo jipya mimi. Wazime tivii. Bahasha iandikwe jina, dawa na ugonjwa, kwa herufi kubwa, marka peni mbili nanunua mimi. Na wasimuulize mtu mzima "wewe ndo fulani?", maana kwetu mkubwa akiulizwa na mtoto kwa adabu anaitikia tu. Wamuulize "shikamoo mama, unaitwa nani, wa mwaka gani, unaumwa nini?", akijibu mwenyewe ndo apewe. Sekunde kumi hizo. Kituo kisichouliza kibanduliwe nyota moja, tumpelekee yule jirani yetu wa soda.

Ni mimi msomaji wenu,
Gungu, Kigoma