Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Bunge ya Bajeti: Alizeti haipandwi Juni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Pokea salamu kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro. Nina mashine mbili za kukamua alizeti, vijana wanne, na banda la bati ambalo ikifika saa saba mchana halikaliki. Inawezekana mafuta yangu umeshayala bila kujua. Zamani Bunge likiahirishwa, magari yalikuwa yanasimama hapa yakielekea Dar, watu wanapakia madumu ya njano ya lita tano na lita kumi kwenye buti. Tangu treni ya SGR ianze kuja Dodoma mwaka 2024 wanaosimama naona wamepungua, ila hayo nayaacha, siwezi kulilalamikia treni.

Ninayokuandikia ni ya tarehe. Sikuombi upandishe kodi wala uishushe. Naomba tu nijue mapema.

Mwaka wa alizeti huku kwetu uko hivi. Novemba watu wanasafisha mashamba. Mvua zikishika, Desemba na Januari mbegu inaingia ardhini. Mei na Juni vichwa vinakauka, vinakatwa, vinapigwa, na kuanzia hapo hadi Agosti mimi kazi yangu ni kununua. Mkamuaji asiyejaza stoo miezi hiyo, Oktoba atakuwa anafukuza panya kwenye mashine iliyolala. Kwa hiyo ikifika katikati ya Juni, fedha yangu karibu yote, na ya mkopo juu yake, iko ndani ya magunia.

Na katikati ya Juni, siku ya Alhamisi, ndipo hotuba ya Bajeti inaposomwa. Muswada wa Sheria ya Fedha unafuata, wadau wanaitwa mbele ya kamati yako wanatoa maoni, Bunge linapitisha, na Julai mosi sheria inaanza kazi. Kutoka hotuba hadi utekelezaji ni kama wiki mbili na ushee. Kwa anayeuza soda pengine ni muda wa kutosha, anabadilisha bei kwenye friji maisha yanaendelea. Mimi nimeshanunua mzigo wa miezi sita.

Kinachonigusa zaidi ni ushuru wa forodha wa mafuta ya kula yanayotoka nje. Nchi yetu bado inaagiza mafuta mengi, hasa ya mawese, na bei ya dumu langu haipangwi Kibaigwa, inapangwa na kinachoshushwa bandarini Dar es Salaam. Mwaka 2018 ushuru wa mafuta ghafi ulipandishwa kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka asilimia 25 hadi 35. Tulishangilia. Lakini viwango vya namna hii mara nyingi huombewa kibali Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa sababu vinatofautiana na ushuru wa pamoja, na kibali chenyewe hutolewa kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha, kinaombwa upya, au hakiombwi. Ni kama mpangaji ambaye mkataba wake unaisha kila Juni 30, na mwenye nyumba anamwambia katikati ya mwezi huohuo kama anabaki au anahama.

Alhamisi moja ya Juni nilizima mashine ili tusikilize redio. Mzee mmoja wa Mkoka alikuwa ameleta magunia 11 kwenye Canter ya jirani yake. Akatusalimia "Mbukwenyi", akaketi juu ya gunia lake, akavua kofia. Kwenye redio walikuwa bado kwenye takwimu za mwaka uliopita.

"Mama, leo bei gani?"

"Subiri kidogo, mzee wangu. Wanasoma."

"Wanasoma nini?"

"Bei yako."

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akasema, "Mimi nilipanda Januari. Si wangeisoma Januari?" Dereva wa Canter alikuwa anapiga honi, anataka kuondoka, kwa hiyo tukapima haraka. Nikamlipa bei ya siku ile, bei ambayo wote wawili tulikuwa tunabahatisha.

Mheshimiwa, tangu siku hiyo natafuta jibu la kumpa yule mzee, sijalipata.

Msimu mmoja, si wa zamani sana, nilinunua magunia 300 kwa wastani wa shilingi 72,000. Gunia letu ni la kilo 65 hivi, na alizeti ikiwa nzuri unapata lita 17 au 18, halafu mashudu unauza kwa wafugaji. Ilipofika Septemba, gunia lilelile mtaani lilikuwa halifiki 50,000, na mafuta ya nje yalikuwa kila duka. Piga hesabu mwenyewe: zaidi ya shilingi milioni sita na laki tano zimeyeyuka, na mkopo haukuyeyuka nazo. Sisemi yote yalitokana na ushuru. Soko la dunia lina mambo yake, na mimi nilikuwa na pupa, nilinunua nyingi kuliko uwezo wangu. Ila ningejua Novemba mwelekeo ni upi, ningenunua magunia 150 na kulala usingizi.

Na nikiri jambo ambalo wakamuaji wenzangu hawatapenda nilitaje. Kuna msimu mabadiliko ya Julai yalinibeba. Bei ya mafuta ilipanda, stoo yangu ilikuwa imejaa kwa bei ya chini, nikapata faida ambayo sikuitolea jasho. Sikuandika barua mwaka ule. Yule mzee wa Mkoka na wenzake walikuwa wameshaniuzia zamani, wao hawakuambulia chochote. Kwa hiyo siji kwako kama mwonewa wa kila siku. Ninachokueleza ni kwamba kwa tarehe hizi, biashara yetu imekuwa karata.

Hata sheria nzuri inachelewa kutufikia. Mwaka 2017 Serikali ilipunguza ushuru wa mazao wa halmashauri, kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na ikasema mzigo usiozidi tani moja ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine usitozwe. Julai ile ile nilikuwa na magunia 12 kwenye gari, hata kilo 800 hayafiki. Kwenye geti moja, halmashauri sitaitaja, kijana alinyoosha mkono akataka ushuru. Nikamwambia sheria imebadilika. Akaniambia, tena kwa upole kabisa, "Dada, nimesikia kwenye redio kama wewe. Waraka haujanifikia." Nililipa, akanipa risiti. Nikimfikiria yule kijana namwonea huruma, maana wakubwa wake wangemdai mapato ya siku, na mimi ningemdai sheria. Wote tulikuwa wahanga wa wiki mbili zilezile.

Sasa ombi langu.

Kwa kawaida Novemba Bunge hukaa hapo Dodoma kujadili mapendekezo ya Mpango wa Maendeleo wa mwaka unaofuata na mwongozo wa kuandaa Bajeti. Novemba! Mwezi huohuo ambao huku watu wanang'oa visiki. Naomba kamati yako iitake Serikali iweke ndani ya karatasi zile mwelekeo wa ushuru wa mafuta ya kula: kwamba kwa misimu miwili ijayo hautashuka chini ya kiwango hiki wala kuvuka kiwango kile. Katikati hapo mna nafasi ya kurekebisha Juni kadiri hali itakavyokuwa. Kibali cha Afrika Mashariki mtaendelea kukiomba mwaka kwa mwaka, sawa, lakini nia ya nchi itakuwa imejulikana kabla ya mbegu kuingia ardhini.

Nimeshajibiwa na mtu mmoja anayejua mambo haya kuliko mimi kwamba kodi ikitangazwa mapema watu watalangua, meli zitawahi. Inawezekana. Lakini mwenye uwezo wa kuagiza meli nzima ana mhasibu na mshauri wa kodi wa kumkisia yajayo. Siri ya Juni inabaki siri kwa mimi na mzee wa Mkoka. Tena nisichoomba ni kutangaziwa kiwango kamili. Naomba sakafu na dari.

Nakumbuka pia upande wa mlaji, usidhani nimesahau. Mwaka 2022 mafuta yalipopaa, mama lishe wa stendi hapa walikuwa wanakuja na chupa ndogo za maji kupimiwa ya shilingi elfu moja, na mmoja akaacha kabisa kukaanga samaki, akabaki na maharage. Serikali ilipotafuta njia ya kushusha bei sikushangaa, hata mimi ningefanya hivyo. Lakini mwaka mmoja nyuma, 2021, Serikali hiyohiyo ilikuwa imeichagua Dodoma, pamoja na Singida na Simiyu, kuwa mikoa ya kielelezo ya alizeti, wakulima wakahimizwa walime, mbegu za ruzuku zikaja. Aliyehimizwa kupanda na aliyehitaji mafuta ya bei nafuu wote ni watu wako. Unapowapangia, waambie kwa wakati mmoja, na uwaambie kabla jembe halijashuka.

Juni ijayo kamati ikiita wadau, mimi huenda nisije. Si dharau. Juni ndiyo mwezi ambao nikiondoka bandani nusu siku, magunia yanaenda kwa jirani. Novemba nitakuja. Kutoka hapa ni kama kilomita 90 tu, nauli ninayo, na nitakuletea dumu la lita tano, kama kanuni zenu za zawadi zinaruhusu.

Wako,

Mkamuaji wa alizeti,
Kibaigwa, Kongwa