Faili lisilo na makala hata moja

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kimya cha miezi minne, ambacho sitakisingizia kazi kwa kuwa zako ni nyingi kuliko zangu.

Nakuandikia kwa sababu ya faili moja. Wiki iliyopita kamati yetu ya kupandisha vyeo ilijadili ombi la mhadhiri wa fani yako, na ndani ya faili lake hapakuwa na makala yake hata moja, ila jedwali la majarida, kipimo cha athari cha kila jarida (yaani wastani wa mara ambazo makala zake za karibuni hunukuliwa), na fahirisi ya h, ambayo kwake ni 6, yaani ana makala 6 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 6. Tulimaliza kwa dakika tisa. Mzee Salim hakuvaa hata miwani.

Kinachoniudhi ni kwamba kipimo kile cha athari hupima jarida, wala si makala. Unakumbuka yaliyolipata lile jarida la sayansi ya fuwele, Acta Crystallographica A? Kipimo chake cha mwaka 2009 kiliruka kutoka takriban 2 hadi karibu 50, hasa kwa sababu ya makala moja ya George Sheldrick ya mwaka 2008 kuhusu SHELX, programu za kompyuta za kubaini miundo ya fuwele, iliyonukuliwa maelfu ya mara. Wengine wote waliochapisha humo wakavuna shamba wasilolilima. Tamko la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililotungwa mwaka 2012, linakataza waziwazi kumpima mtafiti kwa jarida alimochapisha. Chuo chetu kimelitia saini, lakini fomu haijabadilika hata mstari mmoja!

Hata hivyo, siwezi kuapa kwamba wasomaji ni waadilifu kuliko hesabu. Nilipoomba cheo changu cha kwanza, msomaji mmoja aliiponda kazi yangu kwa kuwa nilimpinga mwalimu wake, na kilichoniokoa ni idadi ya walioninukuu. Kwa hiyo sitaki namba zitupwe. Nataka tu mtu asome kwanza, kisha... lakini wewe hayo unayajua.

Nimeomba faili lirudishwe, nikapewa wiki tatu kutafuta msomaji wa nje. Je, utakubali kuwa wewe? Huna undugu wala ugomvi na mhusika? Na huko kwenu, kamati husoma kweli, au nanyi mnahesabu tu? Makala tatu nimeziambatanisha; anza na ya pili, ambayo haijanukuliwa na mtu yeyote.

Wako,
Hamisi