Ule mlango mwekundu

Hamburg, 9 Machi

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Najua umeninunia. Ujumbe wako wa sauti, ule wa dakika saba, niliusikiliza mara mbili nikasema nitajibu kesho, mara mwezi umekatika. Leo nimeona heri nikuandikie barua kabisa, kwa kalamu, kama tulivyokuwa tukiandikiana nilipokuwa nasoma Korogwe. Nina jambo la kukwambia ambalo kwenye simu ningelicheka tu likapita.

Kwanza mguu: umepona, alhamdulillahi. Nilianguka Januari kwenye barafu, na wala si kazini. Nilikuwa natoka kutupa taka na kandambili zangu za Bongo, usiniulize zaidi. Wiki sita sikushika usukani. Mimi niliyezoea kuamka saa tisa usiku kwenda kulitoa basi yadi, nimekaa kitako na mguu wa plasta juu ya mto, natazama theluji. Mwanangu akishaenda shule nabaki na ukuta.

Siku ya nne akabisha hodi yule bibi wa Kijerumani wa ghorofa ya chini. Kapanda ngazi na ndoo ya plastiki, anahema. Nikadhani ananiletea viazi. Akasema ni vya mwanawe, ambaye sasa ana mvi, na kwamba mtu hawezi kushinda akitazama dirisha, atarukwa na akili. Akaiweka ndoo, akaondoka.

Vitofali vya LEGO, shoga, vya plastiki vya kuchezea. Vile vile vyetu.

Nilivimwaga kitandani, na ule mlio wake ukaja, kama mahindi makavu yanayomwagwa kwenye sinia la bati. Nikajikuta niko uwanjani kwenu, jua la alasiri, mikono inanuka maganda ya machungwa ya Muheza. Sikutegemea. Mwanangu aliporudi shule alinikuta hivyo hivyo, sijala, shuka zima limetapakaa. Akaniuliza kwa Kijerumani, "Mama, unacheza?" Nikamwambia nachambua. Na kweli nilikuwa nachambua, maana vilikuwa vimechanganyika na vifungo, sarafu za zamani na mwanasesere asiye na kichwa.

Nilivikosha kwenye beseni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ya moto sana hayafai, yakizidi nyuzi 40 plastiki inaweza kujipinda. Nikavianika kwenye taulo. Kisha nikakosea kama kila anayeanza: nikavipanga kwa rangi. Vyekundu huku, njano kule, inapendeza machoni. Lakini jaribu kutafuta kitofali chekundu cha vinundu viwili ndani ya lundo zima la vyekundu! Ukivipanga kwa umbo, rangi inajitokeza yenyewe. Ni kama mchele kwenye ungo: chuya unaiona kwa sababu haifanani na jirani yake. Nilitumia siku tatu nzima kwa kazi hiyo, na sijui mara ya mwisho nilitulia vile lini.

Unakumbuka kopo letu? Mama alipewa na wale Wajerumani wa mradi, kule Raskazone alikokuwa akiwafulia, walipofunga virago mwaka 1986. Walimpa pasi, mapazia mawili, na kopo la biskuti. Tulilifungua mimi na wewe huku mate yanatutoka, tukakuta plastiki. Wewe ulilia. Mdogo wako akaona heri ajaribu, akameza kile cha duara chekundu, na bibi yako akamlisha ndizi siku mbili mfululizo tukikisubiri.

Kitabu cha maelekezo hakikuwemo, na hatukujua kama kinatakiwa kuwepo. Tulijenga tulichokiona. Stesheni. Msikiti ambao mnara wake ulikuwa na rangi nne kwa sababu vyeupe viliishia katikati. Basi la Dar lenye magurudumu matatu, la nne kizibo cha soda. Na nyumba ya bibi yako ya Barabara ya 9, hiyo tumeijenga na kuibomoa sijui mara ngapi. Vikigandana tulibandua kwa meno. Mimi jino langu la mbele lina pengo dogo hadi leo na daktari wa meno wa huku kaniuliza limetokana na nini. Kumbe, shoga, kuna kifaa chake! Kikabari kidogo cha rangi ya machungwa, unakipachika, unainua, kitofali kinatoka. Meno yetu yameteseka bure.

Na lile neno LEGO juu ya kila kinundu. Kaka yako Bakari, kwa vile alikuwa darasa la saba na anajua kila kitu, akatuambia wamekosea tahajia, walitaka kuandika LENGO. Tukaamini miaka yote. Basi nikupe jibu lake ukamwambie: ni Kidenmaki, maneno mawili, *leg godt*, yaani "cheza vizuri", wamekata mikia wakaunganisha.

Nimelijua hilo kwa kwenda kwenyewe. Plasta ilipotolewa nilimwambia mwanangu twende Billund, kule Denmark vilikoanzia vitofali hivi, kwa gari ni kama saa tatu kutoka hapa kuelekea kaskazini. Ni kamji tu, ungepita ukadhani ni Segera, ila kana uwanja wa ndege kwa sababu ya hivi vitofali. Bustani yao kubwa ya michezo ilikuwa bado imefungwa kwa ajili ya baridi, lakini ile nyumba mpya waliyoifungua mwaka 2017 ilikuwa wazi. Ndani mna mti uliojengwa kwa vitofali 6,316,611, unapanda mita 15 na ushei katikati ya ngazi. Mwanangu alipiga picha. Mimi nilisimama chini yake nikamfikiria yule aliyekuwa akihesabu.

Lakini kilichonishika si mti. Mwanzilishi wa kampuni yao, Ole Kirk Christiansen, alikuwa seremala. Seremala wa kijijini, kama marehemu babako. Kanunua karakana mwaka 1916, anatengeneza milango na makabati. Mwaka 1924 wanawe wawili wakachezea moto kwenye maranda ya mbao, karakana ikateketea pamoja na nyumba. Akajenga nyingine, ipo mpaka leo, ina sanamu mbili za simba mlangoni. Mambo yalipokuwa magumu, watu hawaagizi tena samani, mwaka 1932 akaanza kutengeneza vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya kuchezea. Kiwanda kikaungua tena mwaka 1942. Akaanza upya.

Kuna kisa wanachokisimulia kule, nikakuona wewe na babako. Mwanawe Godtfred siku moja alipeleka stesheni shehena ya bata wa mbao, akarudi anatamba kwamba ameiokolea kampuni fedha: badala ya kupaka vanishi mara tatu amepaka mara mbili. Baba mtu akamrudisha stesheni usiku ule ule akawachukue bata wote, awapake mara ya tatu, peke yake. Nilicheka peke yangu pale. Unakumbuka ile stuli uliyoipiga msasa nusunusu?

Plastiki ilikuja baadaye, na wazo la kitofali halikuwa lao peke yao. Kulikuwa na Mwingereza, Hilary Fisher Page, aliyekwisha tengeneza vya namna hiyo, na wao mwaka 1949 wakatoa vyao kwa kufuata vyake. Vile vya kwanza vilikuwa vitupu ndani, ukijenga ukuta unatikisika. Ni tarehe 28 Januari 1958 ndipo walipoandikisha ile mirija ya ndani, ile tuliyokuwa tukiitumia kupigia filimbi. Vinundu vinabanwa kati ya mirija na ukuta, ndiyo maana kitofali kinashika lakini mtoto anaweza kukitoa. Mzee Ole Kirk alifariki mwaka huo huo, wiki chache tu baadaye. Tangu hapo kipimo hakijabadilika: cha mwaka 1958 kinaingia kwenye cha mwaka huu. Lishike hilo, nitalirudia.

Halafu kuna hesabu. Chukua sita vya rangi moja, vile vya vinundu vinane. Kampuni ilikuwa ikisema miaka mingi kwamba vinaungana kwa njia 102,981,500. Akatokea mwanahisabati wa Copenhagen, Søren Eilers, akaonyesha kwamba wamehesabu minara ya vitofali sita kwenda juu tu. Ukihesabu zote ni 915,103,765. Vitofali sita, Mwanaidi! Viwili vina njia 24. Nikajaribu hizo 24 kitandani, nikafika 19 nikaanza kurudia zile zile. Bakari angesema anazijua.

Usidhani nimerudi mzima mzima. Watu wa hobi hii, na wapo wengi, wazee wenzetu, kipindi ambacho mtu aliacha kucheza navyo wanakiita zama za giza. Mimi jina hilo silipendi. Giza gani? Nilikuwa naolewa, naachika, nalea, natafuta leseni ya basi kwa lugha ya watu. Taa ilikuwa inawaka vizuri tu. Na nilinunua boksi moja jipya la watu wazima, limeandikwa kabisa 18+, na kitabu kinene cha maelekezo. Nikakifuata ukurasa kwa ukurasa, jioni nne, likatokea jumba zuri sana. Sasa liko juu ya kabati linakusanya vumbi. Ilikuwa kama kupika pilau kwa kijiko cha kupimia: limeiva, lakini si mimi niliyelipika. Ndoo ya bibi wa chini ndiyo ninayoirudia kila jioni.

Haya. Sasa lile jambo.

Ule mlango mwekundu haukupotea. Niliuchukua mimi.

Unakumbuka ulikuwa mmoja tu, na fremu yake nyeupe, na kila nyumba tuliyoijenga ilikuwa lazima ipangwe kuuzunguka. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla sijapelekwa kwa shangazi Korogwe. Mama alisema kopo libaki kwenu, mimi nakwenda kusoma, si kucheza. Sikubisha. Ila nilitaka kitu kimoja. Nikautia kwenye soksi. Uliutafuta uwanja mzima, babako akaleta chekeche akachekecha mchanga wa pale chini ya mwembe, na wewe ukaniambia mbele ya watu kwamba ni mimi, na mimi nikaapa. Bibi yako akakugomba wewe, kwamba unamsingizia mwenzio anayesafiri. Hilo la kukugomba wewe ndilo lililonikaa. Nilipokuwa mtu mzima nilifunga siku tatu kwa ajili ya kiapo kile, lakini kwako sikusema kitu. Ningesemaje? Kila mwaka ulivyopita likawa dogo zaidi na gumu zaidi kulisema.

Nimehama nao nyumba tisa. Umekaa kwenye kopo la vifungo, kwenye pochi ya pasipoti, kwenye droo ya vijiko. Bibi wa chini alipoleta ndoo, siku ile ya tatu nimeshamaliza kuchambua, nikautoa. Nikaubana kati ya vitofali vya mtu ambaye hajawahi kuisikia Tanga. Ukaingia, tik! Ukafunguka na kufungika. Nikalia, na mguu wangu wa plasta.

Basi nikaanza kuijenga ile nyumba. Mlango uko katikati, dirisha kushoto, dirisha kulia, mabati nimetumia vibapa vya kijivu. Kibaraza nimekiweka, na ngazi mbili. Hapo ndipo nilipokwama. Nguzo za kibaraza zilikuwa ngapi? Mimi naona nne, na ile ya mwisho ndiyo aliyokuwa akiegemea bibi akisuka ukili. Lakini nikiweka nne, mlango hauonekani vizuri kutoka njiani, na mimi nakumbuka ulikuwa ukionekana kutoka kwa muuza mbaazi. Nikiweka tatu, bibi hana pa kuegemea. Nimezibomoa mara sita. Nyumba yenyewe nasikia imevunjwa, pana fremu za maduka, kwa hiyo hakuna wa kumtuma akahesabu. Umebaki wewe.

Binamu yangu Salha anakuja Tanga mwezi wa nane, harusi ya kaka yake. Mlango na fremu yake nimevifunga kwa pamba ndani ya soksi, soksi nyingine, ya zamani haipo. Atakuletea mkononi, usikubali aupeleke kwa mama. Kama kopo bado lipo, jaribu kuubana kwenye kitofali chochote uone. Kama halipo, wala usijali, nitamfungia Salha na konzi mbili tatu kutoka kwenye ndoo.

Mimi nitaacha tundu pale katikati ya ukuta mpaka unijibu kuhusu nguzo.

Wasalimie wote, na mwambie Bakari kuhusu LENGO.

Wako,
Zuhura