Kabla ya kulinda taarifa zetu, ofisi ya umma ijiulize kwa nini inazichukua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku nililokaa nalo tangu mwezi uliopita, nilipokwenda katika ofisi moja ya umma kufuatilia faili la mzazi wangu. Getini nilikabidhiwa daftari la wageni, lile kubwa lililopigwa mistari kwa rula, lenye safu za jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mahali unapoishi, ofisa unayemfuata, shida iliyokuleta na sahihi. Juu ya mstari wangu mama mmoja alikuwa ameandika, kwa mwandiko wa uangalifu mkubwa, ugonjwa wa mtoto wake na hospitali anakotibiwa. Juu yake kulikuwa na mjane anayefuatilia mafao ya marehemu mumewe, na namba yake ya simu imeandikwa kamili pembeni. Kwa muda ule mfupi wa kujaza mstari wangu nilikuwa nimekwisha kujua shida za watu sita nisiowafahamu, na yeyote aliyekuja baada yangu aliijua yangu. Nilimuuliza mlinzi namba yangu ya simu inakwenda kufanya kazi gani, naye akanijibu kwa upole kwamba huo ndio utaratibu.

Simlaumu mlinzi yule, kwa kuwa daftari alilikuta na ataliacha. Ninaandika kwa sababu nilifanya kazi ya masjala kwa miaka 14, na katika muda wote huo sikuwahi kushuhudia mdukuzi hata mmoja akivunja mfumo wa kompyuta ili aibe taarifa za wananchi. Nilichoshuhudia ni taarifa hizo kutoka kwa njia za kila siku: faili lililoazimwa bila kusainiwa, orodha ya waombaji iliyobandikwa ubaoni pamoja na namba zao za simu, neno la siri moja linalotumiwa na idara nzima. Siku moja niliwekewa mezani fomu ya likizo ya mtumishi mwenzetu, nikaigeuza, na nyuma yake nikakuta nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto, yenye majina ya wazazi wake wote wawili na tarehe yake ya kuzaliwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mashine ya kuchapia ilikuwa imewekewa karatasi zilizotumika upande mmoja ili kubana matumizi, na karatasi hizo zilitoka katika rundo la maombi ambayo yalikwisha kushughulikiwa. Nilikichukua cheti kile nikakichana mwenyewe, lakini sikuweza kujua ni vingine vingapi vilikuwa vimekwisha kusambaa katika trei za ofisi.

Kwa hiyo ninaposikia ulinzi wa taarifa binafsi ukizungumzwa kana kwamba ni kazi ya mafundi wa kompyuta peke yao, naona mjadala unaanza katikati. Mfanyabiashara akinidai taarifa nisizotaka kumpa, naondoka naenda kwa mwingine. Ofisi ya umma haina mbadala: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, hati ya ardhi, stakabadhi ya kodi na hukumu ya kesi kila kimoja kina mlango wake mmoja, na anayekataa kujaza safu moja ya fomu hurudishwa nyumbani mikono mitupu. Anayechukua kwa lazima ana dhima nzito kuliko anayepewa kwa hiari. Dhima hiyo haianzii kwenye kabati la chuma wala kwenye neno la siri, bali siku ile fomu inapotungwa na mtu akaamua safu zake ziwe ngapi, kwa kuwa taarifa ambayo haikuchukuliwa haiwezi kupotea wala kuibiwa.

Kisa cha Uingereza cha mwaka 2007 kinalionyesha jambo hili wazi kuliko maelezo yangu. Mamlaka ya mapato na forodha ya nchi hiyo ilituma, kwa huduma yake ya ndani ya barua, diski mbili zenye taarifa za watu milioni 25, yaani familia zipatazo milioni 7.25 zilizokuwa zikipokea posho ya watoto. Zilikuwemo anwani, tarehe za kuzaliwa, namba za bima ya taifa na, kwa waliohusika, akaunti za benki. Diski zilikuwa na neno la siri lakini yaliyomo hayakuwa yamesimbwa, yaani hayakugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila ufunguo maalumu, bahasha haikusajiliwa, na hazikufika zilikopelekwa. Waziri wa Fedha, Alistair Darling, alilitangazia Bunge tarehe 20 Novemba, na mwenyekiti wa mamlaka hiyo, Paul Gray, akajiuzulu. Wengi hulikumbuka tukio hilo kama kisa cha bahasha iliyopotea. Mimi nalikumbuka kwa jambo jingine kabisa: wakaguzi wa hesabu waliokuwa wakizisubiri diski hizo walikuwa wamekwisha kuomba, miezi kadhaa kabla, kwamba taarifa za benki na nyingine wasizozihitaji ziondolewe. Hazikuondolewa, kwa hoja kwamba kuzichambua kungeongeza kazi na gharama. Lau ombi lile lingesikilizwa, bahasha ingepotea vilevile, lakini akaunti za wazazi zisingekuwa ndani yake.

Nilidhani baada ya hapo kila ofisi ingekuwa imejifunza. Mwezi Agosti 2023 Polisi wa Ireland ya Kaskazini walijibu ombi la mwananchi aliyetaka kujua idadi ya watumishi wao kwa kila cheo. Jedwali walilotoa lilikuwa na ukurasa uliofichwa, na ndani yake mlikuwa na majina ya ukoo, herufi za kwanza za majina, vyeo na vituo vya kazi vya watumishi 9,483. Lilikaa wazi mtandaoni kwa zaidi ya saa mbili. Katika mahali ambapo maofisa wengine, kwa kuhofia kushambuliwa, huwaficha hata jirani zao kazi wanayofanya, wapo waliolazimika kuhama nyumba zao. Hakuna kufuli lililovunjwa. Iliombwa idadi, nayo ikahesabiwa kutoka katika orodha ya majina, kisha orodha yenyewe ikaachwa ndani ya faili lililotoka nje.

Najua hoja itakayoletwa, kwamba serikali haiwezi kuhudumia watu isiowajua, na kwamba ukilegeza uhakiki unawafungulia mlango wanaodai mafao ya watu waliokwisha kufa. Hoja hiyo ni ya kweli na sina ugomvi nayo. Daktari anahitaji kujua historia ya mgonjwa wake, na mkadiriaji kodi anahitaji kujua kipato changu. Ninachokihoji ni mazoea yanayojificha nyuma ya mahitaji hayo halali. Chukua nakala ya kitambulisho, ambayo siku hizi inadaiwa hata kwa jambo dogo. Ofisa akitaka kuhakikisha kwamba mimi ndiye, na akitazame kitambulisho, alinganishe sura, aandike kwenye fomu kwamba amekiona tarehe fulani, atie sahihi, anirudishie. Nakala inayobaki kwenye faili haiongezi uhakika wowote juu ya ule wa macho yake. Inaongeza tu karatasi moja ambayo yeyote atakayeifikia ataweza kujifanya mimi. Halafu nakala hiyo inakaa miaka na miaka, maana masjala nyingi zina utaratibu mzuri wa kufungua faili, lakini siku ya kuliteketeza haijulikani ni lini wala ni nani atakayeidhinisha.

Kukaa huko ndiko kunakoniogopesha zaidi, kwa sababu madhumuni hubadilika wakati karatasi imelala kabatini. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, rejista za wakazi nchini Uholanzi ziliandika dini ya kila mtu, na walioziandika walikuwa makarani wa kawaida wakifanya kazi ya kawaida. Wanazi wa Ujerumani walipoivamia nchi hiyo mwaka 1940, waliwakuta Wayahudi tayari wameorodheshwa katika rejista hizo kwa majina na mitaa, na kiasi cha robo tatu ya Wayahudi wa nchi hiyo waliuawa. Usiku wa tarehe 27 Machi 1943 kikundi cha wapinzani, akiwemo msanii Willem Arondeus, kiliingia katika ofisi ya rejista ya Amsterdam na kuzitia moto kadi hizo. Walifanikiwa kuchoma sehemu tu, na 12 kati ya waliohusika wakauawa kwa risasi mwezi Julai. Ninakitaja kisa hiki kwa moyo mzito, kwa kuwa watu walilazimika kutoa roho zao ili kuifuta safu moja ambayo haikupaswa kuwemo katika kadi tangu mwanzo.

Siku hizi safu zimeingia mwilini. Mwaka 2015 ofisi inayosimamia watumishi wa serikali kuu ya Marekani ilikiri kwamba wezi wa mtandaoni walikuwa wamechukua taarifa za uchunguzi wa watu milioni 21.5, na pamoja nazo alama za vidole za watu milioni 5.6. Neno la siri likiibiwa hubadilishwa asubuhi yake. Kidole hakibadilishwi, na aliyeibiwa alama zake akiwa na miaka 25 ataishi na wizi huo hadi uzee wake. Ofisi inayotaka alama za vidole au picha ya uso iwe tayari kueleza, kwa maandishi na kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa, ni kwa nini njia nyepesi zaidi haikutosha.

Si kwamba kanuni hazipo. Jimbo la Hesse nchini Ujerumani lilitunga sheria ya kulinda data mwaka 1970, Sweden ikafuata kwa sheria ya nchi nzima mwaka 1973, na Mkataba wa Malabo wa Umoja wa Afrika, uliopitishwa mwaka 2014, ulianza kutumika Juni 2023. Kanuni za Umoja wa Ulaya zinazotumika tangu Mei 2018 zinaitaka ofisi iliyovujisha taarifa iiarifu mamlaka ya usimamizi ndani ya saa 72, na iwaarifu wahusika wenyewe bila kuchelewa pale hatari kwao inapokuwa kubwa. Kipengele hicho cha mwisho ndicho ninachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa mwenye taarifa ndiye huwa wa mwisho kuambiwa.

Kuhusu faini, sina imani nayo sana. Polisi niliowataja walitozwa pauni 750,000, na msimamizi wa ulinzi wa taarifa wa Uingereza alieleza kwamba kama isingekuwa ofisi ya umma kiasi hicho kingefika pauni milioni 5.6. Namwelewa, maana faini ya ofisi ya umma hulipwa kwa kodi za wananchi wale wale waliodhurika, na pengo lake huonekana katika huduma zao. Kinachoweza kubadilisha mazoea ni kila ofisi kuwa na ofisa anayejulikana kwa jina ambaye kazi yake ni kuuliza, kabla fomu haijachapwa, kila safu inafanya kazi gani, na kuwa na mamlaka ya kuifuta ile isiyojibiwa. Awe na uwezo wa kumkatalia hata mkuu wake, la sivyo cheo chake kitabaki kuwa kibao mlangoni.

Ofisi niliyoitembelea nimekwisha kuiandikia, na sitaitaja hapa kwa sababu ninaamini inaweza kujirekebisha bila kuaibishwa. Nimewaomba mambo ambayo hayangoji bajeti mpya: mgeni ajaze kikaratasi chake mwenyewe na kukitumbukiza ndani ya sanduku lenye kufuli, safu za namba ya simu na ya shida ziondolewe, na madaftari ya zamani, ambayo niliyaona yamerundikwa chini ya meza ya mlinzi kama viti vya akiba, yahesabiwe, yafungiwe, kisha yateketezwe kwa kufuata taratibu za nyaraka. Nimewaomba pia, iwapo hawawezi kuyamaliza yote kwa mara moja, waanze na daftari lililopo mezani sasa, lenye ule ukurasa wa mama mwenye mtoto mgonjwa.

Ni mimi msomaji wako,
Karani wa masjala mstaafu