Colorado ya 2023 iliponzwa na watu watano wa mbele

Mhariri,

Makala yenu kuhusu msimu wa kwanza wa kocha Deion Sanders na timu ya Chuo Kikuu cha Colorado, 2023, imeeleza kwa kirefu miwani yake ya jua na kamera zilizomfuata, kisha ikahitimisha kwamba vijana waliishiwa pumzi. Tunaofuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo huku hatukubali. Kasoro ilikuwa kwenye safu ya mbele, yaani watu watano wanaowazuia wapinzani wasimfikie kwotabeki, mrusha pasi, na ilionekana tangu Septemba.

Mwaka 2022 timu ilishinda mechi 1 kati ya 12. Kocha mgeni akafagia kikosi na kukijaza upya kwa wachezaji waliohama kutoka vyuo vingine. Ikaanza kwa kishindo, ikivifunga vyuo vitatu: TCU 45-42 ugenini, Nebraska 36-14, Colorado State 43-35 baada ya vipindi viwili vya nyongeza. Katika mechi 9 zilizobaki ikashinda 1 tu.

Mdaka pasi unaweza kumsajili Mei, na Septemba akawaka, maana kazi yake ni kumshinda mtu mmoja. Watano wa mbele ni kitu kimoja. Kabla ya kutoa mpira, senta, yule wa katikati, huwasoma wapinzani na kutangaza nani amshike nani. Wapinzani wawili wakibadilishana njia, mtu wa ndani na mwenzake wa ukingoni lazima wabadilishane nao papo hapo, bila kutazamana. Mmoja akisita, wote wawili wanajikuta wamemkumbatia mtu mmoja, na yule wa pili anapita bila kuguswa. Mazoea hayo hayasajiliwi. Ndiyo maana kwotabeki Shedeur Sanders, aliyerusha pasi 27 za tachidauni (za kufunga) na pasi zake 3 tu kudakwa na wapinzani, aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 52 katika mechi 11. (Naye, tuseme ukweli, huukalia mpira mno.)

Athari ya pili makala haikuigusa kabisa: kukimbia na mpira. Colorado ilikuwa ya mwisho katika daraja la juu la vyuo, chini ya yadi 70 kwa mechi. Tazameni usiku wa Oktoba 13 dhidi ya Stanford. Wakati wa mapumziko Colorado inaongoza 29-0. Timu inayoongoza hivyo hukimbia na mpira katikati, kwa sababu mbebaji akiangushwa ndani ya uwanja saa haisimami, na mchezo unaofuata una sekunde 40 za kuanza. Mikimbio mitatu tu inakula karibu dakika mbili. Pasi ikianguka chini, saa inasimama. Colorado haikuwa na mkimbio wa kutegemea, kwa hiyo Stanford ikapata muda, na mdaka pasi wake Elic Ayomanor akadaka yadi 294. Mwisho Stanford ikashinda 46-43, nyongeza ya pili.

Baada ya kufungwa na UCLA 28-16, kocha wa mashambulizi Sean Lewis akanyang'anywa kazi ya kuita michezo, yaani kuchagua mbinu ya kila shambulizi, ikapewa msaidizi mwingine, Pat Shurmur. Mechi nne zilizofuata timu ilipata pointi 19, 31, 14 na 17, na zote ikapoteza. Kubadilisha anayeita mchezo hakumfundishi mtu wa mbele kusogeza miguu.

Mwaka 2024 Jordan Seaton, kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari, aliwekwa ukingo wa kushoto, upande ambao kwotabeki wa mkono wa kulia haoni. Shedeur akaangushwa mara 42 katika mechi 13. Bado ni nyingi, na mkimbio uliendelea kuwa mbovu, lakini safu ya ulinzi ilikazwa na kocha wake mpya Robert Livingston, mchezaji Travis Hunter akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na timu ikamaliza 9-4.

Ombi letu: kwenye jedwali lenu la kila wiki, kando ya yadi za pasi, chapeni pia idadi ya mara kwotabeki alizoangushwa na yadi za mkimbio. Nafasi ipo, punguzeni picha ya kocha.

Wafuatiliaji wa futiboli ya vyuo,
Aurora, Colorado